Karao Analipwa Ngapi? Historia ya Mshahara Ambao Sisi Ndio Tunaumalizia

Mdogo wangu anataka kuwa polisi. Ana miaka kumi na tisa, mbio anaziweza, meno yote yapo, cheti cha KCSE anacho na alama zinatosha. Shida si hiyo. Shida ni kwamba kuna mtu amekuja nyumbani Msambweni akakaa na wazee, akanywa chai, akasema nafasi zipo ila zina bei. Laki nne. Na wazee wameanza kuangalia kile kishamba cha bibi chenye minazi.

Mimi ndiye niliyeulizwa, ati kwa sababu "wewe ulifika chuo." Nilifika, ndiyo, nikaacha mwaka wa pili. Sasa hivi nafanya video Diani na kuandika haya mnayosoma. Lakini hesabu bado naijua. Nikakaa usiku mmoja nikajiuliza: polisi analipwa ngapi, na kwa nini analipwa hivyo? Nilidhani nitapata jibu kwa dakika tano. Nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na slipu yenyewe, maana wengi tunaongea tu.

Polisi Kenya wana vyeo kumi na vinne. Chini kabisa ni konstebo, kisha koplo, sajini na sajini mwandamizi. Hapo ndipo wengi wanapoanzia na wengi wanapostaafia. Halafu inspekta, inspekta mkuu, na wale wakubwa ambao mabega yao yanang'aa, mpaka juu kabisa kwa Inspekta Jenerali. Kila cheo kina ngazi zake za mshahara, na juu ya mshahara wa msingi kuna marupurupu: ya nyumba, ya usafiri, ya mazingira magumu kwa waliotupwa mbali. Marupurupu ya nyumba yanategemea cheo na mahali. Aliye Nairobi anapata zaidi ya aliye mji mdogo.

Sasa makato. Nitachukua mfano wa namba nyepesi, si slipu ya mtu yeyote. Tuseme askari mdogo ana mshahara wa msingi wa 30,000 na marupurupu ya 10,000. Jumla 40,000. Wewe ukisikia 40,000 unasema sawa, huyu ameomoka. Ngoja.

Pensheni ya watumishi wa umma, ule mfuko ulioanza Januari 2021, inakata asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi: 2,250. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75 ya jumla: 1,100. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 600. Kinachobaki kinatozwa PAYE, na ukishatoa ule msamaha wa 2,400, kodi inakuja kama 3,200. Mfukoni zinaingia kama 32,850.

Hapo bado hajalipa sacco. Na polisi bila mkopo wa sacco ni kama Ukunda bila tuktuk, sijawahi kumwona. Sheria ya ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, yani lazima ubaki na theluthi moja. Ikiwa sheria imelazimika kusema hivyo, jua kuna watu wengi wamefika pale ukingoni.

Haya, rudi kwa laki nne. Mdogo wangu akiajiriwa, akaweza kuweka elfu kumi kila mwezi bila kukosa, atachukua miezi arobaini kurudisha shamba la bibi. Miaka mitatu na miezi minne. Hiyo ni kama haoi, hakuna mgonjwa nyumbani, na hakuna anayempigia simu kuomba "kitu kidogo cha unga." Mtu akianza kazi na deni kama hilo, unadhani ataliondoa wapi? Barabarani, kwa wewe na mimi.

Hapo ndipo historia ilipoanza kunivuta.

Ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni unapita Gazi. Wengi tunapajua kwa mikoko na wale kina mama wa njia ya mbao. Lakini Gazi ndipo alipokuwa Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 na 1896. Kampuni ya IBEA ndiyo iliyokuwa ikitawala huku kabla serikali ya Uingereza kuchukua usukani Julai 1895. Mbaruk alipoasi, Waingereza hawakuita vijana wa Kwale waje kulinda amani. Walitumia askari kutoka mbali: Wasudani, halafu kikosi kizima kilicholetwa kwa meli kutoka India. Ngome yake ya Mwele, huko bara ya Kwale, ikavunjwa, na yeye akakimbilia upande wa Wajerumani, Tanganyika ya baadaye.

Hao walikuwa wanajeshi, lakini polisi waliofuata walijengwa kwa fikra hiyohiyo. Mwaka 1902 kukawa na polisi wa reli. Mwaka 1906 sheria ikaunda jeshi la polisi rasmi. Askari awe mgeni pale anapofanya kazi, akae na wenzake kwenye laini, apewe nguo, apewe nyumba, na pesa iwe kidogo tu juu yake. Kwa mkoloni hiyo ilikuwa na maana mbili. Moja, mgeni hamuonei huruma mwenyeji. Mbili, mgeni anayelala nyumba ya serikali hana jeuri, ukimfukuza kazi umemfukuza na nyumba.

Kumbukeni hili la nyumba, tutalirudia.

Halafu kuna rangi. Zamani mshahara wa serikali haukuangalia kazi tu, uliangalia ngozi. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja Tume ya Holmes, 1947 hadi 1948, kuangalia mishahara ya watumishi wa serikali Afrika Mashariki yote. Ikashikilia kwamba Mwafrika mwenye kazi sawa na Mzungu alipwe tatu ya tano. Kwa kila shilingi tano za mwenzako, wewe tatu. Tume nyingine, ya Lidbury, ndiyo iliyokuja 1954 kusema mizani ya rangi iondolewe, ingawa aliyetoka Uingereza aliendelea kupata nyongeza ya kumvutia kuja.

Kwa hiyo uhuru ulipofika 1963, tulirithi mti wa mishahara ambao matawi ya juu yalikuwa yamepandwa kwa ajili ya Wazungu na shina la chini kwa ajili ya askari mweusi. Rangi ilitoka. Umbali kati ya juu na chini ukabaki.

Na mwaka 1971 kikafanyika kitu ambacho wengi wa rika letu hawakijui. Tume ya Duncan Ndegwa iliruhusu watumishi wa umma kufanya biashara zao binafsi huku wakiwa kazini. Kwa mwalimu mwenye kiduka, sawa. Lakini fikiria askari anayesimamisha matatu barabarani, halafu yeye mwenyewe au bosi wake ana matatu. Hapo sheria inamkamata nani? Badala ya serikali kumlipa mtu wake vizuri, ilimwambia kajitafutie. Mimi naona hapo ndipo "kujitafutia" ilipopata baraka rasmi.

Sasa niwaambie kuhusu ami yangu.

Ami alikuwa polisi. Alistaafu akiwa koplo. Zaidi ya miaka thelathini, pau mbili begani. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliishi kwenye ile nyumba ya bati ya duara, mchana tanuri, usiku shazia. Kwenye kambi moja waligawana chumba familia mbili, katikati pazia. Ananiambia, "Mwanangu, ukikohoa, mke wa mwenzako anakwambia pole." Anacheka akisema, lakini shangazi yangu hachekagi.

Mwaka 1997 ami hakuwa huku pwani. Angekuwa Likoni, labda nisingemjua. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo, vijana waliokuwa wamekusanyika msitu wa Kaya Bombo, hapa Kwale kwetu, walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kituo kidogo cha feri. Polisi sita waliuawa, bunduki zaidi ya arobaini zikachukuliwa. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu mia moja, na maelfu ya watu wa bara wakakimbia makwao. Siasa ya uchaguzi ilikuwa ndani yake, na Tume ya Akiwumi ilikuja kuichunguza. Lakini ukiwauliza wazee wa huku, watakwambia vijana walichochewa kwa kitu kilichokuwa kweli: ardhi imeenda, kazi zimeenda, hata anayekuja kukukamata kwako hajui lugha yako. Ule utaratibu wa askari mgeni ulikuwa na umri wa miaka mia moja, na waliolipa ni makonstebo waliokuwa zamu usiku ule, watu wa mshahara wa elfu chache.

Mwaka huohuo, Oktoba, walimu waligoma nchi nzima. KNUT ilikaa ngumu, na serikali, uchaguzi ukiwa mlangoni, ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kidogokidogo kwa miaka mitano. Tuache ule mzozo wa baadaye wa kama walilipwa yote. Ninachotaka muone ni hiki: mwalimu alikuwa na chama, alikuwa na tarehe ya mgomo, alikuwa na mtu wa kukaa mezani. Polisi hakuwa na chochote. Na hadi leo hana. Hata Katiba yetu nzuri ya 2010, kifungu cha 24, inaruhusu haki za kazi za polisi na wanajeshi zipunguzwe. Polisi akigoma ni mhalifu.

Sasa mtu asiyeweza kuomba, nyongeza yake inatoka wapi? Nikapanga miaka kwenye karatasi nikaona mtindo.

Mwaka 2002, Transparency International ilianza kutoa orodha yake ya hongo Kenya, na polisi wakawa kileleni. Serikali mpya ya Kibaki ikaingia na ahadi ya kusafisha, na 2004 askari wa chini wakapata nyongeza kubwa. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu 1,133 walikufa, na Tume ya Waki ikahesabu 405 kati yao waliokufa kwa risasi. Baada ya hapo ikaja kamati ya Jaji Philip Ransley, 2009, ikaenda mpaka kwenye nyumba za mapazia, ikatoa mapendekezo zaidi ya mia mbili, mishahara ikiwemo. Novemba 2012 polisi zaidi ya arobaini wakauawa Baragoi, wengi wao vijana waliotoka mafunzoni juzi, na nchi ikakumbuka tena kuwa na wao ni watoto wa watu. Desemba 2022 ikaundwa kamati ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, ikatoa ripoti Novemba 2023: polisi waongezwe asilimia 40 kwa awamu ndani ya miaka mitatu. Awamu ya kwanza ikaanza Julai 2024.

Umeona? Damu, tume, ripoti, nyongeza. Halafu kimya mpaka damu nyingine. Mshahara wa polisi Kenya haupandi kwa sababu unga umepanda. Unapanda kwa sababu kuna kitu kimeharibika vibaya mpaka serikali ikaona aibu.

Na Julai 2024, hebu tusijifanye tumesahau. Tarehe 25 Juni vijana wa rika letu walikuwa barabarani, wengine hawakurudi nyumbani. Siku chache baadaye, mwanzo wa Julai, nyongeza ya polisi ikaanza kuhesabiwa. Najua kuna mtu anasoma hapa roho inamchemka, anasema: unataka nimhurumie karao? Sikuombi huruma. Nakuomba uangalie nani anafaidika polisi akibaki na njaa. Askari mwenye njaa, asiye na chama, anayeishi kwa hisani ya mkubwa wake, hawezi kukataa amri mbaya. Ile ndiyo ilikuwa hesabu ya 1906, na sijaona aliyeifuta.

Hata lile la nyumba lilipoguswa liliguswa nusu. Septemba 2018 Rais Uhuru alitangaza mageuzi: sare mpya ya buluu, na polisi watoke kambini wakapange nyumba mtaani kama sisi, wapewe pesa ya nyumba. Fikra nzuri, askari awe jirani. Lakini jaribu kupanga nyumba Diani, ambako mwenye nyumba anaota mtalii wa wiki mbili, halafu uone pesa ya nyumba ya konstebo inafika wapi. Mwaka huohuo makonstebo wenye digrii, waliokuwa wakilipwa kwa ngazi ya inspekta, walijikuta mishahara imeshushwa. Wakaenda kortini. Mimi niliyeacha chuo nilicheka kwanza, halafu nikaacha. Mtu amesoma usiku kati ya zamu na zamu, halafu unamwambia karatasi yako haina kazi.

Sasa kuna jibu rahisi: walipwe zaidi, hongo iishe. Nilikuwa nimeshaandika hivyo. Halafu nikakutana na Ghana.

Mwaka 2010 Ghana iliongeza mishahara ya polisi karibu maradufu. Watafiti wakafuatilia malori ya masafa marefu, wakilinganisha polisi na maafisa wengine wa barabarani ambao hawakuongezwa. Hongo ya polisi haikupungua. Iliongezeka. Walidai zaidi kwa kila lori. Georgia, ile nchi iliyokuwa ndani ya Sovieti, ilifanya vingine: mwaka 2004 ilifukuza polisi wote wa trafiki, maelfu, ikaajiri wapya, ikawalipa vizuri na kuwaangalia kwa karibu. Hongo barabarani ikaanguka kabisa.

Tofauti si pesa peke yake. Ni mlango wa kuingilia. Na hapa Kenya mlango tunaujua. Usajili wa Julai 2014, vijana elfu kumi, ulikuwa na uozo mpaka IPOA, mamlaka inayowasimamia polisi, ikaenda mahakamani, na Oktoba Mahakama Kuu ikaufuta wote. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Mei 2015. Na wakati wa kuwachuja polisi waliokuwa kazini, walipoulizwa kuhusu taarifa zao za M-Pesa, wengine walikuwa wanapitisha pesa ambazo mshahara wao hauwezi kuzieleza hata ukiongea mpaka Idi.

Yani aliyenunua kazi hawezi kutulizwa na nyongeza. Yeye ni mwekezaji. Anataka faida.

Na faida hiyo iko wapi hapa kwetu? Nina rafiki kondakta, njia ya Likoni hadi Lunga Lunga. Anasema kuna pesa ambayo wanaihesabu asubuhi kabla ya mafuta. Haiandikwi, lakini iko ndani ya nauli. Bibi akienda hospitali Msambweni na kurudi, ameshalipa sehemu ya mshahara wa mtu. Boda wa Mwabungo naye amelipa. Kile serikali ilichokataa kumlipa askari tangu enzi za Holmes, tunakimalizia sisi shilingi hamsini hamsini. Tofauti ni kwamba kodi ina risiti.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na mkinitukana kwenye komenti nitasoma. Polisi alipwe vizuri, kwa kanuni inayojulikana, bei zikipanda na mshahara upande, bila kungoja maiti. Awe na mtu wa kumsemea mezani. Lakini kabla ya shilingi ya kwanza, nafasi zisiuzwe. Bila hilo, nyongeza ni kumpandishia bei yule mtu aliyekunywa chai kwetu. Mshahara ukipanda, laki nne itakuwa laki sita, kwa sababu bidhaa imekuwa nzuri.

Jumapili nilienda Msambweni nikawaonyesha wazee karatasi yangu. Miezi arobaini. Baba alinyamaza. Ami alikuwepo, akaichukua, akaisoma polepole, akasema, "Sisi tulikimbia tu uwanjani, tukachukuliwa." Mdogo wangu akamwambia, "Ami, zamani hizo." Hakuna aliyemjibu.

Bibi ndiye aliyemaliza. Aliuliza minazi mingapi iko pale, kana kwamba hajui, akazitaja moja moja na mwaka alioipanda. Shamba haliuzwi.

Mdogo wangu ameninunia, hajibu hata meseji. Atakimbia siku ya usajili bila kulipa mtu, na nitakuwa pale nimeshika simu. Asipochukuliwa, itabidi nimtazame usoni nijue kwamba mimi ndiye niliyesema. Akichukuliwa, basi atakuwa karao asiyedaiwa na mtu, na nyinyi mtakaokutana naye barabarani mniambie kama hesabu yangu ilikuwa sawa.

Wewe kwenu walikuambia bei gani? Usitaje jina la mtu. Andika namba tu.